Kukimbia Nairobi Huku Ukiyalinda Mapafu

Anayekimbia kando ya Barabara ya Thika havuti uchafu wa aina moja: pumzi moja hubeba masizi ya dizeli na gesi za nitrojeni dayoksaidi na monoksidi ya kaboni, na jua likipanda ozoni, gesi inayotokea moshi wa magari unapopigwa na jua, huongezeka. Mtu aliyetulia huvuta takribani lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, lakini akikimbia kwa nguvu anaweza kupita lita 100, nyingi zikiingia kwa mdomo bila kuchujwa na pua. Ozoni huwasha utando wa njia za hewa, na utando uliokwisha kuwashwa huumizwa kwa urahisi zaidi na vumbi na chavua zinazofuata.

Anza kwa kuchagua mahali. Jijini London, watu wazima 60 wenye pumu walitembea kwa muda wa saa mbili katika Oxford Street, iliyokuwa ikipitwa na mabasi na teksi za dizeli, na siku nyingine katika bustani ya Hyde Park. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba nguvu ya pumzi zao ilishuka zaidi barabarani, kwa hadi asilimia 6.1, na hao walitembea tu. Kwa hiyo nenda msitu wa Karura au bustani ya miti ya Arboretum, na ikiwa ni mbali, ingia mitaa ya ndani, mita 200 au zaidi kutoka barabara kuu, mradi hakuna anayechoma taka hapo.

Kisha angalia saa. Asubuhi zenye baridi za Juni na Julai, hewa baridi hukandamiza moshi wa matatu karibu na ardhi, ilhali ozoni hufikia kilele alasiri. Mwishoni mwa wiki, mapema kabla ya jua kali, ndipo pana nafuu. Usipoweza kukwepa moshi, punguza kasi, na mazoezi ya mbio fupi za kasi yaahirishe. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hizi.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Akiwa na kifaa cha kupima kasi ya pumzi, asimame wima, ajaze mapafu, apulize kwa nguvu mara tatu na kuandika namba ya juu kabisa, kabla ya kukimbia na robo saa baada ya kumaliza. Namba ikishuka kwa asilimia 15 au zaidi, amwone daktari na daftari lake mkononi.