Jinsi ya kumpeleka kijana wa Tabora kukiona Chuo Kikuu cha Dodoma

Mimi ni mwalimu wa kidato cha tano na sita hapa Tabora. Wazazi wengi wakisikia chuo kikuu huwaza Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), lakini mimi huanza na Dodoma: ni chuo cha serikali, kiko kwenye reli yetu ya kati, na tangu kilipoanzishwa mwaka 2007 kimekusanya fani nyingi, kuanzia ualimu hadi tiba. Ninachotaka kijana arudi nacho ni kujua siku ya kawaida ya anayesoma kozi anayoitamani ikoje.

Hatua ya 1: Mwongozo wa TCU

Mwongozo huu wa udahili upakueni kwenye tovuti ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kijana ashike kalamu mwenyewe. Aandike kozi tatu ambazo tahasusi yake (mchanganyiko wa masomo yake ya kidato cha tano na sita) inaziruhusu. Kozi nyingi zinadai principal (ufaulu kamili wa somo la kidato cha sita) mbili zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1). C na E zinafikisha sharti, lakini kozi zinazogombewa huchukua wenye alama za juu. Binti wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) anayeutaka udaktari aambiwe sasa hivi: udaktari unadai principal za Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Inauma, ila akilijua mapema atapata muda wa kuchagua njia nyingine ya afya.

Hatua ya 2: Nendeni Desemba

Likizo ya Desemba ya kidato cha sita inafaa, kabla ya Krismasi, chuo kikiwa kwenye masomo. Hakikisheni kwenye kalenda yao. Mkisubiri amalize mtihani wa Mei, kuna JKT (mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa), kisha matokeo na maombi vinafuatana mbiombio.

Hatua ya 3: Safari

Treni, au basi la kupitia Itigi na Manyoni. Laleni mjini kwanza. Bebeni vitambulisho, na barua ya mkuu wa shule itangulie ofisi ya udahili.

Hatua ya 4: Chuoni

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chuo kimetandaa eneo la Chimwaga na ndaki, yaani vitengo vikubwa vya chuo kwa fani, ziko mbalimbali. Mtu anaweza kuzunguka UDOM na asiione ndaki atakayosomea. Mkishasalimia ofisini, nendeni kwenye ndaki ya kozi yake ya kwanza. Atembee kwa miguu kutoka hosteli hadi darasani. Asome ratiba iliyobandikwa ubaoni, aingie maktaba kama wanaruhusu.

Kisha, mzazi, kaa pembeni. Kanywe chai kantini. Kijana aongee na wanafunzi wa mwaka wa pili bila wewe, kwa sababu mbele ya mzazi hakuna atakayesimulia habari za sapu, yaani kurudia mtihani wa somo ulilofeli. Wanafunzi wangu huwa ninawapa maswali haya ya kuuliza:

- Somo gani linawapa watu sapu, na waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli) walikwama wapi?
- Mafunzo kwa vitendo ulifanyia wapi, na nafasi uliitafuta mwenyewe?
- Mwaka wa kwanza ulipata hosteli au ulipanga mtaani?
- Bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) likikata mnakulaje?

La mwisho nalisisitiza sana. Posho ya chakula na malazi iliwekwa Sh 10,000 kwa siku kuanzia 2022/23, na hutolewa kwa awamu. Mtoto wa Urambo au Uvinza ambaye hajawahi kushika fedha za miezi kwa mara moja anahitaji kusikia kwa mwenzake namna ya kuzigawa.

Hatua ya 5: Mkirudi

Hakikini cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), maana Bodi ya Mikopo inakitaka. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia kihakikiwe. Asiye na cheti kabisa aanze wilayani kwake mara moja, asingoje Julai.

Kijana apange upya kozi zake tatu kwa aliyoyaona. Akija kuchaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, atathibitisha kimoja tu kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, kwa hiyo ajaze laini ambayo yuko nayo mwenyewe, siyo ya jirani.