Jinsi ya kujua nchi inataka nini hasa kwenye mambo ya kimataifa

Ukitaka kuelewa kwa nini nchi flani imekubali au imekataa kitu, usianze na hotuba ya rais, anza na maslahi: inauza nini, inanunua kwa nani, inamwogopa jirani gani. Alafu cheki kura zake Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu kila nchi ina kura moja lakini Baraza la Usalama azimio linataka kura 9 kati ya 15 na mmoja wa wale wanachama watano wa kudumu (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa) akipiga veto, yaani kura ya kuzuia, ndo basi tena, inauma lakini ndo ilivyo.

Na jamani kusaini mkataba sio kuridhia, yaani kuukubali rasmi ili uibane nchi kisheria! Marekani ilisaini Itifaki ya Kyoto (mkataba wa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani) 1998 na haikuridhia kabisa, kwahiyo ukisikia nchi imesaini uliza kwanza kama imeridhia.