Kutoka Lubumbashi hadi kwa Wazulu: kupiga picha za wanyama na za watu kwa adabu

Mpiga picha wa Lubumbashi akifika KwaZulu-Natal, jimbo la Wazulu huko Afrika ya Kusini, hafiki kama mgeni kabisa. Ndovu wake huko ni indlovu, nyati ni inyathi, fisi ni impisi, nyoka ni inyoka, maji ni amanzi. Twiga anaitwa indlulamithi, anayepita miti kwa urefu, na mtu wa Kiswahili anaisikia "miti" humo ndani bila kufundishwa. Majina haya yana kazi. Ukimsalimia mchungaji kando ya barabara na kumwuliza kuhusu inyathi, mtaelewana hata kama hamna lugha nyingine kati yenu. Jina moja tu usilitangulize: kifaru, awe umkhombe (mweupe) au ubhejane (mweusi). Majangili wamewaua vifaru wengi sana eneo hilo, na mgeni anayeuliza walipo hutiliwa shaka mara moja. Mwache mlinzi wa hifadhi alitaje mwenyewe.

Miezi, karatasi na barabara

Nenda kati ya Juni na Septemba. Ni kiangazi kama chetu cha Katanga: majani yamekauka, miti imepukutika, na wanyama hawana budi kuja kwenye maji yaliyobaki. Januari nyasi humfunika hata nyati, na joto huharibu picha kuanzia saa tatu baada ya jua kuchomoza. Baridi ya alfajiri ni ile ile ya Juni kwetu, lakini ndani ya gari la wazi inauma zaidi. Koti na kofia ya sufu si anasa.

Viza ya Afrika ya Kusini iombwe mapema. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo, na chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiichome juma la safari. Kama utaendesha gari, chukua pia leseni ya kimataifa, kwa sababu yetu imeandikwa kwa Kifaransa. Huko huendeshwa kushoto. Hatari haipo sana kwenye barabara kuu bali pale unapotoka kituo cha mafuta au barabara tupu ya udongo, mkono ukirudi kwenye mazoea ya kulia.

Karatasi ambayo wengi huisahau ni orodha ya vifaa. Andika kila kamera na kila lenzi pamoja na namba yake ya mfululizo (serial number) iliyochongwa chini, kisha upeleke duane (forodha) wakuwekee muhuri kabla hujatoka nchini. Bila hiyo, siku ya kurudi vifaa vyako mwenyewe vinaweza kuhesabiwa kama bidhaa mpya na kutozwa kodi. Fanya kopi tatu.

Kwa ndege, Lubumbashi hadi Johannesburg ni saa mbili na nusu hivi. Betri za ziada zikae kwenye mkoba wa mkononi, kila moja imefunikwa ncha zake kwa utepe; kwenye sanduku la chini haziruhusiwi. Kwa barabara ni Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge, na ni siku kadhaa kwa sababu ya foleni za malori mipakani. Kamera isitolewe kabisa kwenye kituo chochote cha mpaka, wala kwenye daraja. Kutoka Durban shika barabara kuu ya N2 upande wa pwani ya kaskazini, kutoka Johannesburg uifikie N2 kupitia Ermelo, na jua likizama uwe umefika, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi hulala juu ya lami yenye joto.

Mzigo

Lenzi moja ndefu na moja fupi zinatosha. Ndefu iwe ya mm 100-400 au 150-600. Fupi iwe ya mm 35 au 50 yenye tundu pana la mwanga, f/1.8, kwa ajili ya watu na nyumba zenye giza. Stendi ya kamera ya miguu mitatu iache nyumbani, maana ndani ya gari haina pa kusimama. Badala yake beba mfuko wa kitambaa kigumu wenye zipu, ukiwa mtupu, ukifika ununue kilo 2 za mchele uujaze. Mfuko huo juu ya dirisha lililoteremshwa nusu hushika lenzi vizuri kuliko chuma chochote, na siku ya mwisho mchele unapikwa au unaachiwa wenyeji.

Plagi za Afrika ya Kusini zina meno matatu makubwa ya mviringo. Plagi zetu haziingii, na adapta nyingi zinazoitwa za dunia nzima hazina umbo hilo. Nunua huko kwenye duka la kawaida la vifaa vya umeme. Picha 1,000 za raw (ghafi) hula takriban GB 25 hadi 30, basi hesabu: siku saba za hifadhini zinaweza kujaza GB 200. Kadi mbili za GB 64 na diski mbili ndogo, kila jioni nakala kwenye zote mbili, na diski hizo zisilale kamwe kwenye begi moja.

Wasiojazoea lenzi ndefu waende kwanza zoo ya Lubumbashi asubuhi mbili tatu. Weka lenzi karibu kabisa na wavu, fungua tundu hadi mwisho, na wavu utapotea kwenye picha. Usipopotea, uko mbali na wavu au mnyama ameusogelea mno.

Hluhluwe-iMfolozi na uMkhuze

Hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi ni hekta 96,000 hivi, na sehemu zake za kwanza zilitangazwa mwaka 1895. Vifaru weupe walikaribia kwisha duniani, wakabaki wachache hapo, na kuanzia miaka ya 1960 walinzi wakawakamata na kuwasambaza kwenye hifadhi nyingine. Wengi wa vifaru weupe wa kusini walioko leo ni uzao wa mahali hapo. Tangu 2024 wengi wamekatwa pembe ili majangili wasiwe na sababu. Usisikitike kwa picha ya kifaru asiye na pembe, wala usimrudishie pembe kwa kompyuta. Hiyo ndiyo sura ya kweli ya vita hivyo.

Jina lenyewe lina sauti ambayo hatuna. Hl hutamkwa kwa kuweka ulimi mahali pa l, kisha kupuliza hewa pembeni bila sauti ya koo. Jifunze kabla ya kufika getini.

Kati ya Machi na Oktoba geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi (6:00), na saa ya huko ni sawa na ya Lubumbashi. Uwe wa kwanza kwenye foleni. Mwendo ni kilomita 40 kwa saa, lakini anayetafuta picha aende 20. Mnyama akionekana, zima injini kabla ya kuinua kamera: mtetemo wa gari kwenye mm 400 hutosha kuyafuta macho ya mnyama. Kwa mnyama anayetembea anza na kasi ya 1/500 ya sekunde. Kwa swala anayeruka au ndege anayepaa, 1/2000, na uiache ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ipande hadi 3200 bila woga. Chembechembe husafishika, ukungu wa mtikisiko haufutiki.

Nyati na vifaru waliogaagaa matopeni huidanganya kamera. Ikiona weusi mwingi hudhani ni giza na kuung'arisha, na ngozi hutoka ya kijivu iliyofifia. Punguza fidia ya mwanga (exposure compensation) kwa 0.7. Kwa yangeyange mweupe aliye mbele ya mandhari ya giza punguza 1, maana manyoya yakishaungua hayana cha kurudisha.

Ndovu akifungua masikio, akatikisa kichwa na kukukabili, ondoka nyuma polepole. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio yuko kwenye musth, kipindi cha homoni nyingi na ukali. Mwachie nafasi ya mita 100 na zaidi, na gari lako lielekee njia ya kutokea. Nje ya gari hakuna kushuka isipokuwa penye ishara. Droni ni marufuku.

Baada ya saa nne asubuhi hewa juu ya udongo huanza kucheza, na picha ya mbali hutoka kama imepigwa kupitia maji. Hakuna lenzi inayoponya hilo. Wakati huo ndio wa kuhamia kwenye kibanda cha kuvizia, penye umbali mfupi. Kilicho bora ni kuMasinga, ndani ya hifadhi ya uMkhuze, kilichojengwa juu ya dimbwi lenyewe. Nyala (aina ya swala), punda milia, swala pala na ngiri huja kunywa wakiwa karibu mno, hata mm 600 hukata masikio. Kaa humo kwa muda wa saa nne au tano. Vaa nguo za giza, zima flashi na mlio wa kamera, usitoe lenzi nje ya upenyo kwa ghafla. Wanaoondoka baada ya nusu saa hupishana na wanyama.

Ukishuka hadi St Lucia kwa viboko na mamba, unyevu ni mwingi. Kamera iliyolala kwenye chumba cha baridi ya mashine itafunikwa na umande ndani na nje. Iache kwenye begi lililofungwa dakika 30 nje ya chumba kabla ya kuifungua.

Umuzi: mlango wa watu

Hapa ndipo wengi huharibu. Boma la Kizulu, umuzi, lina mpango wake: zizi la ng'ombe, isibaya, liko katikati, nyumba zimelizunguka, na nyumba kuu inatazamana na mlango. Mgeni hapiti hapo kama sokoni. Kwanza mtafute induna (kiongozi wa kijadi) wa eneo, umweleze wewe ni nani na picha ni za nini. Yeye ndiye atakayekupeleka au kukutuma kwa mtu.

Kamera ikae ndani ya begi, begi limefungwa. Simama nje na uite "Ekuhle!" kisha ungoje. Wakikukaribisha, sema "Sanibonani". Kwa mtu mmoja ni "Sawubona", lakini kwa mzee hata akiwa peke yake ile ya wingi ni ya heshima. Bona ni ona yetu: maana yake tunakuona. Atajibu "Yebo". Ukiulizwa "Unjani?" jibu "Ngikhona", yaani nipo. Mwanamume mkubwa ni Baba, mwanamke ni Mama, bibi ni Gogo, babu ni Mkhulu. Usimkazie mzee macho. Kwa kijana ni utovu wa adabu, hata kama wapiga picha wa Ulaya hufundishana kinyume.

Kisha uliza ukoo: "Ungubani isibongo sakho?" Akisema Buthelezi, mwite Shenge. Mkhize ni Khabazela. Zulu ni Ndabezitha. Hizi ni izithakazelo, sifa za ukoo, na anayejua kasala ya Waluba ataelewa mara moja kwa nini uso wa mzee hubadilika anaposikia jina hilo kinywani mwa mgeni. Hakuna kipaji cha kamera kinacholeta uso huo.

Kupewa chakula ni kukubaliwa. Pokea kwa mikono miwili. Uphuthu ni wa unga wa mahindi kama bukari wetu, ila ni wa chenga, na mara nyingi huliwa na amasi, maziwa ya mgando. Utshwala wa mtama huja kwenye chungu cheusi, ukhamba. Mwenyeji huonja kwanza, wewe hunywa ukiwa umeketi, bila kofia. Sukari na majani ya chai ni zawadi inayofaa. Pesa zikitangulia, picha zote zitakuwa za watu waliosimama wima kusubiri malipo.

Sasa omba: "Ngicela ukuthatha isithombe." Akikataa, sema "Ngiyabonga" na uendelee na mazungumzo. Ndani ya nyumba ya msonge, iqhugwane, huingiwa kwa kuinama. Wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto. Sehemu ya nyuma kabisa, umsamo, ni ya mababu: usikanyage, usiguse, usipige. Zizini usiingie bila kuitwa, kwani hapo pia ni mahali pa mababu.

Mwanga mzuri wa nyumba hiyo ni mlango wake. Mketishe mtu mita moja na nusu kutoka mlangoni, wewe ukiwa kando, si mlangoni kwenyewe, la sivyo unaziba taa yako. f/2, 1/125, ISO 1600 hadi 3200. Pima mwanga usoni. Nje, mtu akiwa mbele ya anga jeupe, ongeza 1, vinginevyo unapata kivuli chenye meno. Saa sita mchana usimpige mtu juani. Macho hugeuka mashimo. Mwanamke aliyevaa isicholo, kofia pana ya mke aliyeolewa, apewe nafasi juu ya fremu. Kuikata kofia hiyo ni kukata heshima yake.

Umkhosi woMhlanga, sherehe ya matete, hufanyika Septemba kwenye kasri la eNyokeni, Nongoma, na maelfu ya wasichana huleta matete kwa mfalme. Omba kibali cha kupiga picha mapema kwa waandaaji. Wengi wa wasichana hao ni watoto na wamevaa kwa desturi, vifua wazi: tumia lenzi fupi, piga msafara, vumbi, matete, nyuso za walioafiki. Lenzi ndefu inayovizia miili ni aibu, na inawafungia mlango wapiga picha wote wanaofuata.

Kabla ya kuondoka

Chapisha picha za familia Mtubatuba au Empangeni, ukubwa wa 13×18, urudishe siku hiyo hiyo au kesho yake. Ahadi ya kutuma kwa simu husahaulika. Futa GPS (data ya mahali) kwenye kila picha ya kifaru kabla haijatoka kwenye kompyuta, na zima GPS ya simu uliyopigia picha za nyuma ya pazia, maana hiyo ndiyo husahauliwa. Picha ya kifaru isionyeshe kibao cha barabara wala kilima kinachotambulika, na uiweke wazi majuma kadhaa baadaye.

Kwa anayeaga, wanaobaki husema "Hamba kahle". Nawe jibu "Salani kahle". Kasumbalesa, toa ile orodha yenye muhuri kabla hujaulizwa, vifaa vikiwa vimepangwa kwa mfuatano wa karatasi.