Jinsi ya kuacha kuchelewa ukiwa na kazi mjini, darasa la jioni na nyumba Ngaramtoni

Tuanze na neno "niko njiani". Bosi akikupigia saa mbili asubuhi ukamjibu niko njiani, huku umepiga magoti unatafuta soksi ya mtoto chini ya kitanda, basi jua bado hujaanza hata kama mwaka mpya uliapa. Mi niliapa miaka mitatu mfululizo. Kila Januari wiki ya kwanza nawahi kazini mpaka mlinzi ananishangaa, wiki ya pili nishaanza kushuka kwenye boda nikiwa nimefunika kitenge kichwani kwa baridi na elfu tatu imeondoka. Kuna wiki nilipanda boda mara nne, elfu kumi na mbili, hapo ndo nikakaa chini nikasema hapana, hii sasa ni ada ya mtoto.

Kitu cha kwanza usijaribu kuwahi. Ndio, usijaribu. Wiki nzima chelewa kama kawaida yako ila andika. Chukua daftari la mtoto lililokwisha, nyuma kule andika saa uliyotoka mlangoni, saa uliyofika stendi, saa kifodi (daladala zetu ndogo) kilipoondoka, saa uliyoshuka, saa uliyogusa mlango wa kazini. Mi siku zote nilikuwa naamini Ngaramtoni mpaka Arusha mjini ni dakika arobaini, na kweli gari likishaondoka ni kama thelathini na nane hivi. Kumbe kuna kutembea mpaka stendi dakika tisa, halafu unakaa ndani ya kifodi konda anapiga bodi anaita "bado mmoja, bado mmoja", unamuona huyo mmoja anakuja kumbe anauliza tu nauli ya Kisongo, dakika kumi na nne zimeisha hapo. Ukishuka Kilombero bado unatembea dakika kumi na moja mpaka dukani, unakwepa mikokoteni ya ndizi. Jumlisha hapo ni dakika sabini na mbili, na mimi nilikuwa natoka nyumbani saa 1:15 kwa amani kabisa nikitegemea kufika saa 2 kasoro. Nilikuwa nachelewa kabla hata sijafungua geti!

Darasani tulifundishwa hiki kitu kina wenyewe, wanasaikolojia wawili Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba mtu akikadiria muda anaiwazia kazi iliyo mbele yake tu, haangalii mara zote zilizopita alizokwama. Nilicheka nikaona hawa watu wamewahi kupanda kifodi.

Ukishapata namba zako hesabu kinyumenyume. Kazi saa 2:00, toa dakika 72, toa na nane za bahati mbaya, unapata saa 12:40. Hiyo naiita saa ya mlango, na ndio saa pekee ya kushika kichwani, hayo mambo ya kuamka saa ngapi ni yako na usingizi wako. Alamu yangu ya muhimu ni ya kutoka, ikilia natoka, hata kama kikombe kina chai nusu. Angalizo kwa wenye haraka kama mimi, simu haijui saa zetu, siku ya kwanza niliandika 12:40 ikalia saa sita na dakika arobaini usiku nyumba nzima ikaamka, ilitakiwa niandike 6:40.

Na usiamke kwa kuangalia mwanga dirishani, mwanga unadanganya. Huku kwetu mwezi wa kumi na moja jua linachomoza kama saa 12:10, mwezi wa saba linakuja kwenye saa 12:40, nusu saa nzima imehama na wewe bado umejifunika blanketi unasema bado usiku. Ongeza na ile baridi ya Julai na mawingu ya Meru. Mi mwezi wa saba natoka mlangoni jua ndo linatoka na mimi.

Sasa ugumu wenyewe. Mtoto wangu wa darasa la pili anatoka saa moja, mimi saa 12:40 sipo. Hapa hakuna ujanja wa alamu, hapa ni kikao na baba watoto. Nilimuonyesha lile daftari, sikulia wala sikulalamika, nikamwambia baba fulani hesabu ndio hii, kati ya 12:40 na saa moja mtoto ni wako, chai iko kwenye chupa na nguo zimenyooshwa. Wiki ya kwanza dogo alienda na sweta limegeuzwa. Haikuua mtu. Dada zangu mnaosema mwanaume hawezi, mwacheni ageuze sweta mara mbili tatu atajua mshono unakaa wapi, ukikimbilia kurekebisha ndo umeirudisha kazi kwako.

Usiku fanya vile vitu vinavyotegemea kitu kingine. Pasi inategemea umeme, kwa hiyo piga usiku wakati upo, na angalia luku kabla hujalala. Gesi itikise mtungi. Nauli weka pembeni chenji kamili, kuna asubuhi nimeachwa na gari kwa ajili ya noti ya elfu kumi. Viatu viwili viwili mlangoni, begi la chuo limeshafungwa lina daftari na kalamu. Mengine kama kuosha vyombo yaache, sinki chafu halijawahi kunichelewesha.

Jioni ndio shughuli. Darasa liko Njiro saa kumi na moja na wateja wa dukani wana tabia wanakuja saa kumi na nusu kuulizia bei ya waya mmoja baada ya mwingine, hawanunui. Nilikuwa natoroka kimya kimya, bosi ananinunia, na darasani bado nafika wameshapanga makundi. Ikabidi niongee naye. Usiende mikono mitupu kuomba ruhusa, nenda na kitu. Nilimwambia bosi naomba nitoke saa kumi na robo siku tatu za wiki, siku hizo hizo nafungua duka mimi, na mahesabu ya jana utayakuta mezani. Alikaa kimya kidogo akasema tutaona. Sasa hivi ikifika saa kumi na robo yeye ndo ananiambia we mama chuo kinakungoja.

Kuna siku hesabu zote zinakufa na inabidi uzikubali. Masika, njia ya kwetu inakuwa tope, zile dakika tisa zinakuwa ishirini na viatu unabeba kwenye mfuko. Na kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa Chuga, yaani Arusha, marais wakija barabara inafungwa kupisha msafara, hapo hata boda hakusaidii. Siku kama hizo tuma meseji mapema na useme saa ya kweli: "ntafika saa tatu kasoro robo." Bosi anaweza kupanga kitu na saa tatu kasoro robo, na niko njiani hawezi kufanya nayo chochote.

Vitu ambavyo havifanyi kazi, nimevijaribu vyote. Kupeleka saa ya ukutani mbele dakika kumi, unajua mwenyewe kwamba iko mbele kwa hiyo unaitoa. Kuamka saa kumi alfajiri usome, siku ya tatu nilisinzia nikapitilizwa kituo.

Halafu chagua pa kuwahi. Sherehe kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni na bibi harusi anaingia saa mbili na nusu, ukienda kwa kadi utasaidia kupanga viti. Kikao cha harusi vivyo hivyo. Mi nguvu zangu nimeziweka sehemu tatu tu, duka, darasa, na Ijumaa kumchukua mtoto shule maana huwa anasimama getini anahesabu wenzake wanaochukuliwa.

Alhamisi iliyopita nilifika darasani zimebaki dakika nne. Nikatoa karanga, nikafungua daftari, mwalimu hayupo. Saa kumi na moja na dakika kumi simu zote zikalia pamoja, ni yeye kwenye grupu: "Niko njiani."