Jinsi ya kuwaona anemoni wa makundi kwenye miamba ya California bila kuwakanyaga

Anemoni ni wanyama laini wa baharini wanaojibandika mwambani, wakifunguka wanafanana na ua. Ukiwa California pande za Monterey au Bodega Bay cheki kwanza ratiba ya maji, usiende tu kienyeji. Unataka bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kukauka kupita kawaida, na kule mwezi wa tano na wa sita maji yanakauka zaidi asubuhi mapema, ila Desemba na Januari ni mchana kuelekea jioni. Wahi kabla hayajafika mwisho wa kupwa, halafu usiipe bahari mgongo.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu: unaona mwamba kama una changarawe na vipande vya makombe, unakanyaga, maji yanaruka. Hiyo sio changarawe, hao ndo anemoni wenyewe, kisayansi wanaitwa Anthopleura elegantissima, maji yakitoka wanajikunja na kuficha minyiri, yaani vile vimikono vyao laini, ndani, na hivyo vipande wamejibandika mwilini ili jua lisiwakaushe. Kwa hiyo kanyaga mwamba mtupu tu, tafadhali sana.

Waliofunguka watafute kwenye vidimbwi, wana ukijani na ncha za minyiri ni za pinki. Ndani ya nyama yao kuna vijimea vidogo sana vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia, ndo maana wanaokaa kwenye giza wanakuwa weupe.

Ila kitu cha kutafuta hasa ni mstari mtupu katikati ya makundi mawili. Kila kundi limetokana na anemoni mmoja, anajivuta huku na huku mpaka anapasuka wawili, nao wanapasuka tena, wote damu moja na jinsia moja. Wakikutana na kundi lingine ni vita: chini ya minyiri wana vifuko vyeupe vyenye sumu, wanavivimbisha, wanainama na kumpachika adui, ngozi ya kifuko inabaki imemng'ang'ania na kumuunguza mpaka asogee. Mwanasayansi Lisbeth Francis aliieleza hii mwaka 1973. Inama uangalie wa mpakani, wengi ni wadogo na vifuko vyao ni vingi kuliko wa katikati, ambao wao kazi yao zaidi ni kuzaa. Mimi naweza kukaa hapo mpaka maji yarudi!

Ukitaka kugusa, kidole kiwe kimelowa na hakina losheni, gusa ncha ya mnyiri taratibu, utahisi kinanata, hakiumi. Usimbandue kabisa, mguu wake unachanika.