Kabla ya Kusaini: Kuamua Kujiunga na Jaribio la Tiba ya Kudumisha Nafuu ya Saratani

Anayealikwa kwenye jaribio la aina hii kwa kawaida amekwisha maliza tibakemikali, uvimbe umenywea au hauonekani tena, na pengine amesharudi kazini. Anaombwa atumie dawa huku akijisikia vizuri, ili ugonjwa uchelewe kurudi, na kwa sababu hiyo madhara ambayo mgonjwa mahututi angeyavumilia, kwake yanaweza kuwa mzigo usiostahili.

Mwulize daktari kwanza: nisipojiunga, nitatibiwa vipi? Chukua mfano wa saratani ya ovari iliyosambaa, kwa mwanamke mwenye kasoro ya BRCA, jeni ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani. Katika utafiti wa SOLO1, uliochapishwa mwaka 2018, takriban asilimia 60 ya waliopewa olaparib, dawa ya kudumisha nafuu, walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 3, ilhali kwa waliopewa plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa, walikuwa asilimia 27. Mwanamke kama huyo akialikwa leo kwenye jaribio ambalo kura ya kugawa washiriki katika makundi inaweza kumwangusha kwenye plasibo peke yake, ana haki ya kuuliza kwa nini asipewe dawa iliyokwisha thibitika. Ikiwa dawa hiyo haipatikani anakotibiwa, au bei yake haishikiki, hesabu hubadilika.

Swali la pili wengi hulipita, nami naliona ndilo zito zaidi: jaribio linapima nini? Kuchelewesha ugonjwa si lazima kurefushe maisha. Utafiti wa PRIMA, uliohusu limfoma ya folikula, aina ya saratani ya tezi za limfu, uliwapa baadhi ya wagonjwa dawa ya rituximab kila baada ya miezi 2 kwa miaka 2, na wengine hawakupewa dawa ya kudumisha nafuu. Kwa waliopewa dawa, ugonjwa ulichelewa kurudi kwa miaka kadhaa, lakini baada ya miaka 10 waliokuwa hai walikuwa karibu asilimia 80 katika makundi yote mawili. Wapo watakaoona kwamba miaka bila tibakemikali nyingine inatosha kuwa sababu ya kujiunga, na wapo watakaokataa. Wote wana hoja.

Kisha tazama maisha ya kila siku. Olaparib huleta kichefuchefu, uchovu na upungufu wa damu, na mara chache saratani ya damu, hivyo mgonjwa hupimwa damu kila mara. Uliza nauli ni ya nani, vipimo vya ziada vinalipwa na nani, nani atagharimia matibabu ukidhurika, na kama utaendelea kupewa dawa jaribio likifungwa.

Hakikisha pia kibali cha kamati ya maadili kipo. Kwa Tanzania, ulizia vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Fomu ya ridhaa nenda nayo nyumbani, uisome pamoja na mtu unayemwamini, na utafute mahali palipoandikwa kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Ukishinikizwa kusaini siku hiyohiyo, usisaini.