Namna ya Kuchagua na Kuandaa Tundu Kubwa la Ndege wa Kufuga

Kabla ya kuuliza bei ya tundu, mfugaji anapaswa kujua ni ndege gani atakayeishi ndani yake, kwa kuwa ukubwa wa tundu, uwazi kati ya nyaya na unene wa waya wenyewe hufuata umbo na nguvu za ndege. Cherero wa Fischer, yule kasuku mdogo wa kijani mwenye shingo ya rangi ya chungwa na mdomo mwekundu ambaye asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, ana urefu wa sentimeta 15 hivi na uzito wa gramu 50 hivi, ilhali kasuku wa kijivu hufikia sentimeta 33 na ana mdomo unaoweza kukata ufito mnene au kupinda waya dhaifu. Tundu linalomfaa mmoja linaweza kumdhuru mwingine.

Jambo la kibali nalo litangulie ununuzi. Cherero na kasuku wa kijivu ni wanyamapori mbele ya sheria za Tanzania na Kenya, na kuwafuga bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa. Aidha, tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imekatazwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Anayeanza, na asiyependa kuhangaika na karatasi nyingi, atapata wepesi kwa baji, ndege wadogo wenye asili ya Australia ambao wamezalishwa vizazi kwa vizazi mikononi mwa wafugaji.

Katika kupima tundu, kosa linaloonekana kila mahali ni kuthamini kimo kuliko urefu. Ndege wa jamii hii hawaruki kwenda juu kama moshi. Huruka kwenda mbele, hugeuka, kisha hurudi, na wanahitaji nafasi ya kupiga mabawa mara kadhaa kabla ya kufika upande wa pili. Kwa hiyo tundu lenye urefu wa futi sita, upana wa futi tatu na kimo cha futi sita litawafaa cherero au baji kuliko mnara wa futi nane wenye upana wa futi mbili tu, hata kama mnara huo unapendeza zaidi barazani. Matundu ya duara yenye paa la kuba, yanayouzwa sana kama mapambo, hayafai kabisa: hayana pembe ambapo ndege mwoga anaweza kujitenga, na pale juu ambapo nyaya hukutana uwazi hupungua polepole hadi kuweza kunasa kidole cha mguu au shingo. Kwa kasuku wa kijivu mmoja, tundu la ndani ya nyumba lisiwe chini ya sentimeta 90 kwa 60 na kimo cha sentimeta 120, na hilo ni kwa ndege anayetolewa nje ya tundu kila siku. Anayeshinda ndani mchana kutwa anahitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo.

Uwazi kati ya nyaya ndio kipimo kisichokubali makadirio. Kwa cherero na baji usizidi nusu inchi, yaani milimita 12 hivi, na kwa chiriku na ndege wengine wadogo zaidi ni afadhali upungue hadi sentimeta moja. Kasuku wa kijivu anaweza kukaa kwenye uwazi wa kati ya sentimeta 2 na 2.5. Kanuni yenyewe ni kwamba kichwa cha ndege kisiweze kupita, kwa sababu ndege akishapitisha kichwa hujaribu kupitisha na mwili, na anaposhindwa hurudi nyuma kwa nguvu na kujinyonga. Ukiwa dukani, chukua rula, pima sehemu tatu au nne tofauti hasa kwenye pembe za mlango, kisha bonyeza nyaya mbili kwa vidole na uone kama zinaachana. Zikiachana kwa vidole vyako, zitaachana kwa mdomo wa kasuku.

Matundu makubwa ya kuletwa kutoka nje ni ghali, na kwa maoni yangu mengi hayana thamani ya bei yake. Fundi wa kuchomelea vyuma, awe wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kariobangi jijini Nairobi, anaweza kutengeneza fremu imara zaidi kwa kutumia bomba la mraba la inchi moja, mradi apewe mchoro wenye vipimo na aelezwe mambo machache ambayo hayamo katika kazi yake ya kila siku ya mageti na madirisha. La kwanza ni aina ya wavu. Wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita uliosokotwa kwa waya mwembamba, haufai. Kasuku huukata na panya huuachanisha. Unaotakiwa ni wavu ambao nyaya zake zimechomelewa kila zinapokutana, ambao madukani huitwa weldimeshi, wa geji 16 kwa cherero na baji, na geji 12 au 10 kwa kasuku wa kijivu. Muuzaji asikuchanganye hapa: kadiri namba ya geji inavyopanda, ndivyo waya unavyokuwa mwembamba.

La pili ni usafi wa mahali palipochomelewa. Baada ya kuchomelea hubaki vitone vya chuma na ncha kali ambazo mtu hazioni kwa mbali, lakini ndege huzishughulikia kwa mdomo siku nzima mpaka zing'oke, kisha huzimeza. Pitisha kidole polepole kwenye kila kiungo upande wa ndani, na popote kinapokwama pigwe tupa. Ncha za wavu zilizokatwa zielekezwe nje na kufunikwa kwa kipande cha bati jembamba au ubapa wa chuma. Rangi ikihitajika, ipakwe kwenye fremu kwa upande wa nje tu, iwe isiyo na madini ya risasi, na iachwe ikauke mpaka harufu iishe kabisa.

Sasa tuje kwenye zinki, jambo ambalo wauzaji hulipita kimya. Wavu mpya hupakwa zinki ili usishike kutu, na madini hayo yakiliwa na ndege humtia sumu: huzubaa, hutapika, huhara maji na huweza kufa. Ukiutazama wavu mpya kwa karibu kwenye mwanga utaona machozi madogo ya rangi ya fedha yaliyoganda kwenye makutano ya nyaya, na mahali palipolowa mvua utakuta unga mweupe unaobaki kwenye kidole ukigusa. Machozi hayo yakwanguliwe kwa kisu au tupa. Kisha wavu usuguliwe pande zote mbili kwa brashi ngumu na siki iliyochanganywa na maji, usuuzwe kwa maji mengi, na uachwe nje upigwe na jua na mvua kwa wiki kadhaa kabla ya ndege kuingia. Siki hiyo isichanganywe kamwe na jiki, hata kwenye ndoo moja, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu kwa mtu na kwa ndege. Mwenye uwezo wa kununua chuma cha stenlesi anaondokana na kazi yote hii, na kwa anayeishi pwani, ambako hewa ya chumvi hula wavu wa kawaida haraka, gharama hiyo ina maana zaidi kuliko bara.

Mlango unastahili kufikiriwa mapema, maana ndege wengi hupotea mlangoni. Uwe mfupi kuliko kimo cha tundu, kiasi kwamba mtu ainame kuingia, kwa sababu ndege akishtuka hukimbilia juu, si chini. Kama tundu liko nje, jenga kijichumba kidogo cha wavu mbele ya mlango, chenye mlango wake wa pili, ili mmoja ufungwe kabla ya mwingine kufunguliwa. Na pale ambapo nafasi haitoshi, pazia zito la nyuzi za plastiki litasaidia kwa kiasi. Vidirisha vya kupitishia chakula na maji viwekwe upande, viwe na bawaba zinazofunguka kwa nje. Komeo la kusukuma peke yake halimzuii kasuku wa kijivu, ambaye hulichunguza kwa ulimi na mdomo mpaka alifungue, kwa hiyo liongezwe kufuli dogo.

Mahali pa kuweka tundu hutegemea jua, upepo na maadui. Jua la asubuhi ni zuri, lakini la alasiri kutoka magharibi huunguza, hivyo upande huo uzibwe kwa ukuta, ubao au kivuli cha mti. Kwa wakazi wa pwani, upande wa kusini nao uzibwe, kwa kuwa upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na kuleta mvua ya pembeni kuanzia Aprili. Nusu ya paa ifunikwe na nusu ibaki wavu, ili ndege achague mwenyewe kati ya kivuli na mwanga. Bati tupu hugeuza tundu kuwa joko. Likitandazwa makuti juu yake joto hupungua sana, ingawa makuti hayo yachunguzwe mara kwa mara, kwani panya na nyoka huyapenda pia. Kama ua wako ni wa mnyaa, liweke tundu mbali nao, maana utomvu wake ni mkali na ndege atakayefikia matawi hatasita kuyatafuna.

Tundu la ndani ya nyumba lisiwekwe jikoni wala karibu na jikoni. Mapafu ya ndege huchukua hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko yetu, na moshi wa sufuria isiyogandisha iliyoachwa motoni bila kitu unaweza kuwaua wote kwa muda mfupi. Moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma na udi vina hatari yake pia. Tundu liegemee ukuta angalau upande mmoja, na rafu yake iwe katika usawa wa kifua cha mtu.

Nje, adui wa usiku ndiye anayesahaulika. Paka na kanu hawahitaji kuingia. Humshtua ndege gizani, naye akishika wavu humng'ata vidole kutokea nje. Dawa yake ni wavu wa pili, uliowekwa inchi mbili nje ya ule wa kwanza, na unaweza kuwa wa bei nafuu. Sakafu ya zege yenye mteremko mdogo ni bora kuliko udongo, na asiyeweza zege achimbie wavu ardhini kwa kina cha futi moja na nusu kuzunguka tundu lote. Tundu lenye miguu lisimamishwe kwenye makopo ya maji yaliyotiwa mafuta kidogo, ili siafu wasipande. Usiku mmoja wa siafu humaliza makinda yote.

Ndani ya tundu, jambo kubwa ni fito za kutulia. Zile za plastiki au za mbao zilizochongwa duara, zenye unene mmoja, huumiza nyayo kwa sababu mguu hukandamizwa mahali pale pale kila siku. Kata matawi ya mpera au mwarobaini ambayo hayajapuliziwa dawa, yenye unene unaotofautiana, kati ya sentimeta moja na mbili kwa cherero na kati ya mbili na nusu na nne kwa kasuku wa kijivu, uyasugue kwa maji na kuyaanika juani. Mparachichi usitumike, kwani majani na magome yake yana sumu kwa ndege, kama lilivyo tunda lenyewe. Weka fito kwenye ncha mbili za tundu, katikati pabaki wazi kwa kuruka. Wengi hujaza tundu kamba, vioo na bembea mpaka ule urefu waliougharamia unakosa kazi. Chini ya fito pasiwe na chombo cha chakula wala cha maji. Kamba zikitumika ziwe za katani, na nyuzi zinazoning'inia zikatwe kabla hazijafunga kidole.

Mtama, uwele na ulezi ni msingi wa chakula cha ndege wadogo, pamoja na mchicha uliooshwa; karanga zitolewe kwa uangalifu kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Kwa madini ya chokaa, mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni ni mzuri kama ule wa dukani, mradi ulowekwe siku kadhaa kwenye maji baridi yanayobadilishwa ili chumvi itoke, kisha ukaushwe juani.

Tundu la vipimo nilivyotaja litatosha jozi tatu za cherero. Wasichanganywe na chiriku au baji, kwa kuwa cherero ni wagomvi na hung'ata miguu ya wenzao, wala asiachwe mmoja asiye na mwenzi kati yao. Ndege mpya akae peke yake mbali na wengine kwa siku 30, aangaliwe kinyesi, macho na pua kabla ya kujiunga nao.

Waingize ndege asubuhi, si jioni, ili wapate mchana mzima wa kujua maji yako wapi. Kwa wiki ya kwanza funga vipande vya kitambaa au matawi yenye majani kwenye wavu wa ncha mbili, kwa sababu ndege asiyelizoea tundu hauoni wavu vizuri na anaweza kuugonga kwa kasi. Viondolewe kimoja kimoja. Maji hubadilishwa kila siku. Kinyesi kikavu kilowanishwe kabla ya kufagiwa, na mfagiaji avae barakoa, kwa kuwa vumbi lake huweza kubeba vijidudu vya sitakosisi, ugonjwa unaompata binadamu kwa njia ya kupumua na unaofanana mwanzoni na mafua makali. Mara moja kwa mwezi, pitia tena viungo vyote kwa kidole kama ulivyofanya siku fundi alipolileta tundu, ukianzia kwenye bawaba za mlango, ambako waya huchakaa kwanza.